Lituma ya Maman na Ule Uongo Mtamu



Leo nataka kukosoa andiko moja lililotoka kwenye ukurasa wetu huu mwaka jana. Mwandishi wake ni mimi, kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema ninamwonea wivu mwenzangu.

Lilikuwa juu ya lituma ya maman. Labda mnalikumbuka, maana wengi mlilipenda na wengine mkaliwatumia mama zenu. Niliandika kwamba maman anaamka kabla ya jogoo, anachemsha makemba, anayatwanga kinuni mpaka yanakuwa laini kabisa, na kwamba siri ya ulaini ule ni mapendo. Nikaweka pembeni pande kubwa la kapiteni linalong'aa kwa mafuta ya mawese. Nikasema lituma ni chakula cha mababu zetu wa mtoni. Nikamaliza kwamba popote nitakapokwenda, harufu yake itanirudisha Yanonge.

Wakati wa likizo nikashuka nyumbani. Jioni moja mdogo wangu wa kike akachukua simu yangu, akaanza kumsomea maman andiko lile kwa sauti, jikoni, maman akiwa anachambua pondu. Maman akasikiliza mpaka mwisho. Mikono haikusimama hata kidogo. Mdogo wangu ndiye aliyevunja kimya: "Yaya, ile kapiteni ilitokaka wapi?"

Maman akacheka. Halafu akauliza: "Ni muzuri. Lakini ule mama ni nani?"

"Si ni weye, maman."

"Mimi? Mimi sitwangaka juu ya mapendo."

Hakuongeza neno. Akaomba nimletee maji. Nilikaa na sentensi ile siku nzima, na nimekaa nayo mpaka leo. Nikaanza kurudia kusoma maandiko ya namna hii, yangu na ya wengine, na nikaona kwamba tatizo si langu peke yangu. Tunayo aina nzima ya uandishi, na ina ugonjwa.

Tuiite andiko la chungu cha mama. Umbo lake mnalijua. Linaanza na harufu. Linafuata mkono wa mama. Siri ya mapishi inatafutwa, na kila mara inakuwa mapendo, haijawahi kuwa vitunguu. Mababu wanaitwa waje kushuhudia. Mwishoni mwandishi, ambaye sasa yuko Kisangani, Kinshasa ao ng'ambo, anatoa machozi juu ya sahani ya mgahawa isiyofanana na ya nyumbani. Ni maandiko mazuri kusoma usiku ukiwa na njaa. Lakini ukiyapanga kumi pamoja, utaona mama ni mmoja tu ndani ya yote kumi. Hana umri, hana deni, hana hasira, hana hata kazi nyingine. Yeye anapika tu.

Kabla ya kuendelea na makosa, niseme kwanza kwamba kitu hiki kinaweza kuandikwa vizuri. Mwenzetu mmoja anayesomea Uturuki alituandikia juu ya chakula cha nyumbani cha kule, na kwangu lile ndilo andiko bora tulilopata. Chakula chenyewe kinaitwa kuru fasulye: maharagi meupe makavu, yanalowekwa usiku, asubuhi yanapikwa polepole na kitunguu na nyanya nzito ya kusagwa, nyama ikiwepo, na yanaliwa pamoja na wali. Alikiri kwamba siku ya kwanza alisikitika. Amesafiri mbali hivi ili ale madesu na loso? Kisha akamwelezea mama jirani aliyempa sahani ile. Mama yule anasafisha ofisi za watu siku tano za juma, kwa hiyo Jumapili anapika sufuria kubwa itakayoliwa mpaka Jumatano. Nyama anaitia mshahara ukiingia, usipoingia anaongeza nyanya. Na mapishi hayo hakuyapata kwa mama yake mzazi. Aliyemfundisha ni mama mkwe, mtu aliyemsumbua miaka mingi. Kila akifungua kifuniko anamkumbuka, na hapendi kumkumbuka.

Angalieni: hakuna neno mapendo ndani ya andiko lile. Lakini mimi msomaji nilimpenda mama yule, kwa sababu nilimwona. Nilijua Jumapili yake inafananaje. Ndiyo tofauti. Mwenzetu alimwuliza mpishi. Mimi nilijiuliza mwenyewe, nikajijibu.

Sasa makosa. La kwanza: tunaandika chakula bila kazi.

Chukua pondu, kwa sababu kila nyumba ya huku inaijua. Majani yanachumwa shambani, yanabebwa kichwani. Yanachambuliwa, yanaoshwa, yanatwangwa. Halafu yanachemshwa muda mrefu, maana jani la muhogo bichi lina sumu, na kinachoiondoa ni kule kutwanga na kuchemsha kwingi. Baadaye ndipo yanakuja mawese, kitunguu, pilipili, samaki wa moshi. Hesabu saa. Halafu hesabu kuni. Sisi wa Yanonge tunaishi kilomita kama 60 chini ya Kisangani, na mji ule unapika kwa makala yetu. Magunia mnayaona juu ya kinga barabarani na juu ya mizigo ndani ya balenieri. Lakini ingieni jikoni mwa mwenye kuyachoma: mke wake anapika na kuni. Makala ni ya kuuza. Moshi ndio wa kubaki nyumbani. Mimi niliandika "harufu ya jikoni ya maman" na nikasahau kwamba sehemu kubwa ya harufu ile ilikuwa moshi uliomtia macho mekundu.

Na kapiteni. Mdogo wangu aliuliza swali la mhakiki wa kweli. Kwetu kapiteni hakuliwa. Kapiteni alikaushwa, akafungwa, akapelekwa Kisangani pamoja na mikungu ya makemba, maman akalala juu ya mizigo akimlinda, akarudi na chumvi, sabuni na pesa. Pesa zile ndizo zilizolipa minervali yangu. Juu ya lituma yetu walikuwa samaki wadogo wenye miiba, wale ambao soko halikuwataka. Kwa hiyo samaki niliyemweka kwenye andiko si kwamba hakuwepo kabisa. Nilimla kwa namna nyingine: nilimla darasani. Kama ningeandika hivyo, ningekuwa nimesema kitu. Badala yake nilimrudisha kwenye sahani ambayo hakuwahi kufika, na kwa kufanya hivyo nikafuta safari zote za maman.

La pili: mababu. Tunapenda kusema "chakula cha mababu" kana kwamba chungu kilishuka kutoka mbinguni tayari kinachemka. Tuwe waangalifu, sisi tuliosoma. Muhogo ulitoka Brazili; Wareno waliuleta pwani ya Kongo kwenye karne ya 16, na ukapanda mto kidogo kidogo. Pilipili na nyanya pia zinatoka Amerika. Hata yale maharagi meupe ya mama wa Uturuki ni wageni kama madesu yetu, wamekutana huko na huku kama ndugu waliopoteana. Makemba ni wakubwa zaidi hapa, lakini nayo yalifika kutoka Asia zamani sana.

Na loso? Hapa ndipo wengi tunanyamaza. Mchele ulifika sehemu zetu pamoja na Waungwana, watu wa Tippu Tip, wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka upande wa Zanzibar na Maniema. Mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Mashamba ya mpunga yalilimwa na watu ambao wengi wao hawakuchagua kuyalima. Lugha hii ninayowaandikia ilifika kwa njia hiyohiyo. Wazee wanaiita Kingwana mpaka sasa. Kisha Wabelgiji wakawaondoa Waarabu kwa vita, mpunga wakauacha, na kuanzia 1917 ukawa kati ya mazao ya lazima: usipolima, faini ao gereza. Sahani ya loso ina wali, ina sarufi, na ina fimbo.

Mawese, hayo kweli ni ya kwetu, mti wa msitu wetu. Lakini nayo yana historia. Mwaka 1911 kampuni ya Lever ilipewa ardhi kubwa za michikichi nchini, na moja ya vituo vyake, Elisabetha, ndiyo Lokutu ya leo, chini ya mto kupita Isangi. Na pale Yangambi, ambapo wengi wetu tulikwenda kufanya utafiti, watu wa INEAC, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha mwaka 1941 jinsi aina ya mchikichi yenye kokwa la ganda jembamba inavyopatikana kwa kuchanganya aina mbili. Ugunduzi ule ndio msingi wa mashamba ya mawese ya Malaysia na Indonesia. Tunapoandika "rangi ya dhahabu ya mawese ya koko," dunia nzima iko ndani ya kijiko kile.

Simaanishi kwamba lituma si yetu. Ni yetu sana, lakini kwa sababu nyingine. Watu wa mtoni, Walokele, walikuwa na samaki. Watu wa msituni, Waturumbu na Wambole, walikuwa na makemba na muhogo. Walikutana siku za soko, wakabadilishana. Lituma na samaki ni mkataba wa watu wawili ndani ya sahani moja. Hilo ni jambo la kujivunia kuliko damu ya mababu, kwa sababu mkataba hutunzwa kwa kazi, na ukiacha kuutunza unakufa.

Hapa niongeze kitabu kimoja, kwa sababu kinatuonyesha kosa letu kwa upande wa pili. V. S. Naipaul alipita Zaire mwaka 1975, na mwaka 1979 akatoa riwaya A Bend in the River, juu ya mji usiotajwa jina ambao wasomaji wengi wanautambua kuwa Kisangani. Mna mwanamke ndani yake, Zabeth, mchuuzi wa kijiji cha wavuvi, anayekuja mjini kununua bidhaa dukani kwa Salim, mtu wa pwani ya mashariki. Tunaambiwa anavyosafiri, anavyopanga hesabu yake, anavyojilinda njiani. Kati ya vitu anavyonunua mna sufuria. Nimesoma kitabu kile mara mbili. Wengi hukasirikia jicho baridi la Naipaul juu yetu, na wana sababu. Lakini mimi nilikwama kwenye sufuria zile. Zinatoka dukani, zinapanda mtumbwi, zinaondoka kwenda mtoni, na kichwani mwangu msomaji hazikuwahi kuchemka. Mchuuzi nilimwona. Mpishi sikumwona.

Na sisi? Sisi tumemwona mpishi, tukampoteza mchuuzi. Maman ni Zabeth mchana na ni mama wa lituma jioni, ni mwili mmoja wenye mgongo mmoja. Mgeni aliandika nusu, na sisi watoto wa nyumbani tukaandika nusu nyingine, tukajisifu kwamba yetu ni ya upendo.

Kosa la tatu ndilo zito, na ndilo lililonifanya niandike leo.

Nilirudi nyumbani tena mwezi wa sita. Nikamwuliza maman, safari hii bila simu mkononi: kama si mapendo, basi unatwanga juu ya nini? Maana majirani wengi wanachemsha makemba, wanayaweka mezani mazima, maisha yanaendelea. Kwetu haijawahi. Tangu utoto wangu, kemba nzima la kuchemsha halijaingia katika sahani zetu. Nilidhani ni mtindo wa nyumba, kama vile wengine hawali ngai-ngai.

Akanijibu kidogo kidogo, siku mbili.

Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Ninyi mliozaliwa baadaye mmeisoma kama Vita vya Siku Sita. Maman alikuwa mtaani Tshopo, kwa dada yake, pamoja na yaya wetu mkubwa aliyekuwa na miaka miwili. Ndani ya nyumba mlikuwa na mkungu mmoja wa makemba mabichi, uliotoka huku Yanonge juma lililotangulia. Maji yalikuwa nusu ndoo na bidoni moja. Chumvi haikuwepo, walikuwa wanangojea siku ya soko. Walilala chini, kwenye ukumbi mdogo katikati ya vyumba, na hapohapo wakawasha moto mdogo wa makala, wakachemsha makemba mazima ndani ya maji machache. Kutwanga hawakuthubutu, kwa sababu ya sauti. Mtoto alikataa kula. Maman alitafuna kwanza, akamtilia kinywani. Siku sita.

"Kemba mzima mu sahani," akaniambia, "mi naionaka na ile mabomu. Nikitwanga, haiko tena ile. Inakuwa kintu ingine."

Baada ya pale walipata mtumbwi wakashuka Yanonge kwa koko. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, nikalelewa kwa lituma.

Sasa rudini kwenye andiko langu la mwaka jana. "Siri ya ulaini ule ni mapendo." Mnaona nilichofanya? Nilikuta mlango, nikaupaka rangi nzuri, nikaenda zangu. Sentensi ile haikuwa tu tupu. Ilikaa mahali pa sentensi ya kweli, ikaizuia isiingie. Ndiyo maana naita uongo mtamu: hauumizi mtu, unafunika tu aliyeumia.

Mwenzangu mmoja, niliyemwonyesha rasimu hii, alipinga. Alisema: "Ndugu, Kongo ina machozi ya kutosha. Waache watu wafurahie hata chungu. Si kila sahani ni ripoti ya haki za binadamu." Ni pingamizi la haki, na nimelifikiria. Kweli, kuna siku maman anatwanga akiimba, akimtania jirani, akimkemea mbuzi. Siku zile siombi mtu atafute mabomu kinuni. Lakini jibu langu ni kwamba furaha nayo inahitaji ukweli. Kucheka kwa mdogo wangu juu ya kapiteni kulikuwa furaha kubwa kuliko aya yangu nzima. Siombi huzuni. Naomba tuulize kabla ya kuandika, na tukubali jibu lolote tutakalopata, hata likiwa "napika hivi kwa sababu mkaa ni ghali."

Pia naomba tukumbuke kwamba kuna watu wa kwetu wanaojua kufanya kazi hii. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, mwaka 2020 alitoa filamu En route pour le milliard. Aliwafuata majeruhi wa siku zile sita walipoteremka mto mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Mto ule unapita mbele ya nyumba zetu. Filamu yake haiwageuzi kuwa watakatifu; wanazozana, wanachoka, wanataniana, na bado wanadai. Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita. Karatasi za mahakama zina nafasi ya waliokufa, waliokatwa, nyumba zilizobomoka. Hazina nafasi ya mama asiyeweza kutazama kemba nzima. Nafasi hiyo ni yetu sisi waandishi wadogo wa kurasa kama hii, na tumekuwa tukiijaza na harufu.

Kwa hiyo kipimo changu cha uhakiki kuanzia leo ni kimoja, na ni rahisi. Ukimaliza andiko lako juu ya chakula, msomee aliyekipika. Asipojitambua, andiko limeshindwa, hata kama sisi wengine tumelia. Akisema "ule mama ni nani?", rudi jikoni ukachambue pondu naye mpaka upate jibu.

Mimi nimerudi. Aya yangu ya zamani naifuta, na mahali pake naandika hii:

Maman anatwanga makemba asubuhi kwa sababu kuna umbo moja la chakula ambalo hataki kuliona tena. Anatumia kuni, makala yameuzwa. Samaki ni wadogo, wakubwa wako sokoni. Akimaliza anaonja chumvi mara mbili, kila siku mara mbili. Nilidhani ni uangalifu wa mpishi.

Nilimsomea haya jana kwa simu, ruhusa yake nikaiomba kabla ya kuyaleta kwenu. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilidhani uniti zimeisha. Halafu akasema: "Andika. Lakini jina yangu usitie. Na kapiteni usimurudishe."